Braavos: mji ulioanzishwa na watumwa wasiojulikana hata majina

Waulize wadau wa Game of Thrones kuhusu Braavos, wengi watakutajia vitu viwili. Kwanza benki isiyosamehe deni. Pili yule binti Arya Stark, anayechapwa fimbo kila siku huku akiulizwa yeye ni nani. Wachache watakumbuka na lile sanamu kubwa lililosimama mlangoni mwa bandari, mguu mmoja huku, mwingine kule, meli zinapita chini ya mapaja. Basi, habari imeisha. Tamthilia haikuwa na muda wa zaidi ya hapo, ilikuwa na kiti cha enzi cha kugombania.

Ila ukifungua vitabu vya George R.R. Martin, hasa A Feast for Crows cha mwaka 2005 na The World of Ice & Fire cha mwaka 2014 alichoandika na Elio García na Linda Antonsson, unakuta kwamba mji huu una historia nzito kuliko nyingi za zile Falme Saba watu walizouana kwa ajili yake. Na kuna jambo moja la ajabu. Martin ni mtu anayependa majina. Mpaka panga kayapa majina. Mbwa mwitu wana majina, majoka yana majina, wafalme waliokufa miaka 300 kabla hadithi haijaanza wana majina na majina ya utani juu yake. Lakini watu walioanzisha mji tajiri kuliko miji yote ya upande ule wa bahari hatajwi hata mmoja. Hatajwi aliyeshika usukani wa meli ya kwanza. Hatajwi aliyekata mnyororo wa kwanza. Wanaitwa tu watumwa.

Ili uelewe ilikuwaje, lazima kwanza uijue bahari yenyewe.

Katikati ya mabara mawili, Westeros upande wa magharibi na Essos upande wa mashariki, kuna maji yanayoitwa Bahari Nyembamba. Westeros ndiko kwa akina Stark, Lannister na wengine unaowajua. Ng'ambo, pwani ya Essos na nyuma yake, kuna Miji Huru tisa: Braavos, Pentos, Lorath, Norvos, Qohor, Myr, Tyrosh, Lys na Volantis. Si yote iko baharini. Norvos na Qohor ziko ndani kabisa, bara. Lakini yote inafanya biashara kupitia bahari hiyo, na kila mji una sifa yake. Myr ni mafundi wa vioo na lensi, na wanasuka mazulia na lesi. Tyrosh ni watu wa rangi, mpaka ndevu zao wanazipaka kijani na zambarau, na jamaa wanaona ni kawaida kabisa. Lys ni starehe na sumu. Qohor wanajua kufua upya chuma cha Valyria, kazi ambayo karibu hakuna mwingine anayeiweza. Lorath ni ya ukungu na njia zinazopotezana, na wengi huisahau. Hata Martin mwenyewe ni kama aliisahau kidogo.

Sasa hiyo miji minane, ukitoa Braavos, inaitwa mabinti wa Valyria. Na Valyria ndiyo kiini cha kila kitu.

Valyria ilianza na wachungaji wa kondoo waliokuta majoka kwenye milima ya volkano iitwayo Miali Kumi na Minne. Wakayafuga, wakayapanda, na kuanzia hapo hakuna aliyewaweza. Walipigana na himaya kongwe ya Ghis mara tano, wakashinda mara tano, mwisho wakauteketeza mji wake kabisa. Wakasambaa, wakajenga barabara za mawe zilizonyooka kama rula, wakafungua makoloni. Tyrosh ilikuwa kambi ya jeshi. Lys ilikuwa sehemu ya mabosi kwenda kupumzika. Volantis, kongwe kuliko zote, ilijenga Kuta Nyeusi, na mpaka leo hii ndani ya kuta hizo hakai mtu asiyeweza kuthibitisha damu yake ya Valyria ya kale.

Lakini majoka hayachimbi dhahabu. Chini ya ile milima ya moto kulikuwa na migodi, na migodi ilihitaji watu. Kila vita ilileta mateka, kila mateka alishushwa shimoni, na shimoni kulikuwa na joto la kuua. Ukifa, analetwa mwingine. Huo ndio ulikuwa mtambo wa Valyria. Mashabiki wengi wanaiona Valyria kama ustaarabu uliopotea, majumba marefu na uchawi na watu warembo wenye nywele za fedha. Vitabu vinaonyesha pia kilichokuwa chini ya sakafu.

Sasa ndipo inaingia hadithi yenyewe.

Siku moja Valyria ilipakia watumwa kwenye msafara mkubwa wa meli, ikawapeleka kusini kwenye bara la Sothoryos, porini huko kwenye joto na magonjwa, kwenda kuanzisha koloni jipya. Njiani watumwa wakaamka. Wakaziteka meli. Hadithi haisemi ilikuwa usiku au mchana, wala nani alianza. Inasema tu walishinda.

Halafu ikabidi wajibu swali gumu kuliko kupigana: twende wapi? Fikiria hali yao. Adui yako anaruka angani. Pwani yote ya kusini ni yake. Ukishuka Lys ni yeye, ukishuka Volantis ni yeye, ukijificha msituni joka linapita juu linakuona. Kurudi makwao haikuwezekana maana hawakuwa na kwao kumoja. Ndani ya zile meli kulikuwa na watu wa Andali, watu wa Rhoyne, watu wa Visiwa vya Kiangazi, watu wa Naath, mpaka watu wa Ghis, wale wale ambao mababu zao nao walimiliki watumwa kabla ya kushindwa. Kulikuwa hata na watu wa damu ya Valyria yenyewe waliotiwa utumwani kwa deni au kosa.

Waliowaonyesha njia walikuwa wanawake. Kuna kabila linaitwa Jogos Nhai, wafugaji wa nyika za mbali sana mashariki, watu ambao bahari kwao ni habari ya kusikia. Makuhani wao huitwa Waimbaji wa Mwezi. Ndani ya msafara walikuwemo wanawake wa namna hiyo, wakatabiri kwamba kimbilio liko kaskazini ya mbali, kwenye rasi ya maji yaliyotulia iliyofichwa nyuma ya vilima vya misonobari na mawe ya baharini, mahali penye ukungu mzito ambao macho ya wapanda majoka hayawezi kuupenya. Wakageuza meli. Wakaenda mpaka mwisho kabisa wa pwani, mbali na Valyria kuliko mtu yeyote angetaka kuishi, wakapakuta.

Pakaitwa Braavos.

Mtu ukipaangalia kwa jicho la biashara, pale hapakuwa mahali pa kujenga mji. Visiwa vidogo vidogo vya matope na mwamba, baridi, na maji ya kunywa baadaye yalibidi yaletwe kwa mfereji mrefu kutoka bara. Mpaka leo ndani ya Braavos miti ni ya kutafuta, kila kitu ni jiwe. Wanaojua historia ya Venice huko Italia watashtuka kidogo hapa, maana nayo masimulizi yake ya kale yanaanza na wakimbizi waliojificha kwenye rasi, na nayo ikaja kuwa mji wa mifereji, wa vinyago, wa benki, na wa karakana kubwa ya meli. Tamthilia yenyewe haikupiga picha za Braavos huko Venice. Msimu wa 5, mwaka 2015, walitumia miji ya pwani ya Kroatia, na kanisa kuu la Šibenik ndilo likawa sura ya nje ya Benki ya Chuma.

Kitu cha kwanza walichokubaliana kilikuwa sheria. Ndani ya Braavos hakuna mwanamume, mwanamke wala mtoto atakayekuwa mtumwa wa mtu. Iliitwa Sheria ya Kwanza, ikachongwa kwenye tao juu ya Mfereji Mrefu ili kila apitaye na mtumbwi aione.

Cha pili kilikuwa ni dini, na hapa ndipo watu wengi wangeharibu. Mia moja ya makabila, kila moja na mungu wake, na kila moja likiamini mungu wake ndiye aliyelitoa utumwani. Wale Waimbaji wa Mwezi wangeweza kabisa kusema dini yetu ndiyo iliyowaokoa, kwa hiyo kuanzia leo kila mtu aimbe mwezi. Nani angewabishia? Hawakufanya hivyo. Iliamuliwa kwamba miungu yote ipewe heshima, na asiwepo wa kuwekwa juu ya mwenzake. Hekalu lao ndilo kubwa kuliko yote mjini, la marumaru nyeupe na kuba la fedha, na madirisha yake yanaonyesha sura zote za mwezi. Lakini ni hekalu tu kati ya mahekalu.

Arya anapofika Braavos kwenye kitabu, kijana anayempigia makasia anampitisha kwenye Kisiwa cha Miungu na kumtajia nyumba moja moja kama kondakta anayetaja vituo. Nyumba ya mungu wa moto ile pale. Ya Baba wa Maji ile. Hata wale Saba wa Westeros wana nyumba yao, kwa ajili ya mabaharia wanaotoka ng'ambo. Na kuna sehemu moja iliyotengwa kwa ajili ya miungu midogo ambayo dunia imeisahau, ile ambayo waumini wake wamekwisha. Ukifikiria vizuri, ni watu wa namna gani wangekumbuka kuweka nafasi kwa mungu asiye na waumini? Ni watu waliowahi kuona kabila zima likiishia shimoni, akabaki mmoja tu anayejua sala zake.

Cha tatu ni lugha, na hiki hakikuamuliwa na mtu, kilitokea chenyewe. Mwandali hakumwelewa mtu wa Naath. Mtu wa Rhoyne hakumwelewa Mghis. Lugha moja tu wote waliijua, nayo ilikuwa ile waliyokuwa wakiamrishwa kwayo: chimba, beba, piga magoti. Kwa hiyo walioikimbia Valyria mpaka mwisho wa dunia walifika huko wakaanza kuongea Kivalyria. Watoto wao wakazaliwa nacho kikiwa lugha ya mama. Aliyesoma sekondari kwa lugha ambayo bibi yake hakuijua ataelewa bila kuelezwa sana.

Polepole kikabadilika. Kivalyria cha Juu, kile cha mashairi na vitabu, kikabaki kwa wasomi, na kila mji ukapata Kivalyria chake cha mtaani. Tyrion Lannister akisafiri Essos katika A Dance with Dragons anagundua kwamba kile alichofundishwa darasani hakimtoshi, maana lahaja tisa za ile miji tisa zimeshaanza kuwa lugha tisa. Ndivyo Kilatini kilivyozaa Kiitaliano, Kihispania, Kireno na Kifaransa. Kwa upande wa tamthilia, Martin alikuwa na maneno machache tu ya Kivalyria, akaitwa mtaalamu wa kutunga lugha, David J. Peterson, akaunda sarufi nzima iliyoanza kusikika kwa wingi msimu wa 3, mwaka 2013. Akagawa nomino kwenye makundi manne: ya mwezi, ya jua, ya ardhi na ya maji. Waingereza na Wamarekani wakaona maajabu. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea ngeli hata hashtuki.

Lile neno maarufu, valar morghulis, linatoka humo humo. Maana yake ni kwamba watu wote lazima wafe. Na jibu lake, valar dohaeris, ni kwamba watu wote lazima watumike. Maneno ya watu waliowahi kuwa watumwa, yakisemwa kwa lugha ya waliowamiliki.

Kwa zaidi ya karne moja Braavos haikuwepo kwenye ramani. Yaani ilikuwepo, meli zake zilitoka na kuingia, lakini manahodha walikuwa na kazi ya kudanganya kuhusu wanakotoka, na ramani zao zilichorwa uongo kwa makusudi. Uliitwa Mji wa Siri. Watu wakazaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakafa, wote wakiwa wamejificha. Hebu fikiria kumlea mtoto ambaye hutakiwi kumruhusu aseme nyumbani kwao ni wapi.

Mwaka wa 111 Bwana wa Bahari wa wakati huo, ndiyo cheo cha mtawala wao anayechaguliwa na asiyerithisha mtoto wake, akaona imetosha. Aliitwa Uthero Zalyne, na huyu angalau jina lake limebaki. Akatuma meli kila pembe ya dunia na ujumbe: tupo, mji wetu unaitwa Braavos, karibuni kwenye sherehe za miaka 111 ya kuanzishwa kwake. Kila mwaka siku hiyo inaadhimishwa kwa siku kumi za vinyago. Watu wanakula, wanacheza, nyuso zimefunikwa. Usiku wa manane wa siku ya kumi lile sanamu la Titan linanguruma, na mji mzima unavua vinyago kwa wakati mmoja.

Kabla ya kujitangaza, kulikuwa na kesi ya kumaliza kimyakimya. Zile meli za mwanzo zilikuwa na wenyewe. Valyria ilikuwa bado hai, na majoka yake bado yanaruka. Kwa hiyo Braavos ikapeleka wajumbe na fedha. Benki ya Chuma ikawalipa wajukuu wa wale mabwana waliotekewa meli zao, na ililipa vizuri tu. Mbao, matanga, kamba, vyote vikapigiwa hesabu. Ila ilikataa katakata kulipa hata senti moja kwa ajili ya watu waliokuwa ndani.

Hapo pana kitu kikubwa kuliko vita zote za tamthilia. Braavos haikuwa na joka. Ilikuwa na fedha na hoja moja: meli mlikuwa nazo kweli, tunakubali tuliiba, hizi hapa hela zenu. Watu hamkuwahi kuwa nao, kwa hiyo hakuna cha kulipia. Wapo watakaosema kumlipa aliyekutesa ni udhalilishaji hata kama ni kwa ajili ya mbao tu. Wana hoja. Lakini kwenye dunia halisi mambo yalikwenda kinyume kabisa. Uingereza ilipopiga marufuku utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na zilikwenda kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupata kitu. Haiti, iliyojikomboa yenyewe kwa damu, ilibanwa na Ufaransa mwaka 1825 iwalipe fidia wamiliki wa zamani, na deni hilo likaitafuna nchi miaka na miaka. Braavos ya kubuni ilifanya kitu ambacho dunia halisi haikukifanya.

Na benki yenyewe ilitoka wapi? Siku za mwanzo, watu wakiogopa maharamia na wezi, walikuwa wakificha vitu vyao vya thamani kwenye mgodi wa chuma uliotelekezwa. Walioanzisha utaratibu huo walikuwa 23, wanaume 16 na wanawake saba, kila mmoja na ufunguo wake. Nao majina hayakubaki. Vitukuu vyao ndio mabosi wanaoitwa Washika Funguo, na siku za sherehe huzivaa funguo hizo kwa mbwembwe ingawa nyingi hazifungui chochote tena. Ona tu mzunguko: watu walioteswa migodini wakatumia mgodi kuweka walichonacho.

Mgodi huo wa benki haukuwa wa kwanza kuzaa taasisi ya Braavos. Turudi chini ya Miali Kumi na Minne, kwenye simulizi anayopewa Arya na yule mzee mpole wa Nyumba ya Nyeusi na Nyeupe. Watumwa kule shimoni walikuwa wakisali, kila mmoja kwa lugha yake, kwa mungu wake. Mtu mmoja akawa anasikiliza. Alikuwa nani, ametoka wapi, hakuna ajuaye. Akagundua kwamba hawa wote wanaomba kitu kimoja: mateso yaishe. Akajiambia kama ombi ni moja basi na mungu ni mmoja mwenye nyuso nyingi, na yeye ndiye mkono wake. Usiku ule ule akamchagua mtumwa aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote, yule aliyeomba kwa uchungu kuliko wote, akamfungua. Maana yake akamuua.

Wengi wakisoma hapo wanatarajia wa kwanza kuuawa awe bwana. Arya naye anauliza hivyo hivyo, kwa nini hakuua mabwana? Anajibiwa kwamba nao zamu yao ilifika, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kidokezo ni kizito, maana Valyria iliteketea yote kwa siku moja, milima yote ikalipuka pamoja. Huo ndio mwanzo wa Watu Wasio na Nyuso, wauaji wa bei mbaya kuliko wote duniani. Na ndiyo sababu ndani ya nyumba yao kuna sanamu za miungu ya dini tofauti, Mgeni wa Westeros akiwa jirani na Mbuzi Mweusi wa Qohor na Simba wa Usiku wa mashariki ya mbali.

Valyria ilipokufa, mabinti zake hawakuacha biashara ya mama. Volantis ina watumwa watano kwa kila mtu huru mmoja, na kila mmoja kachanjwa tatuu usoni inayosema kazi yake. Kahaba ana chozi chini ya jicho. Askari ana milia ya chui. Anayezoa kinyesi barabarani amechorwa nzi. Dini inayowaka huko ni ya R'hllor, mungu wa moto, na inawaka zaidi kwa watumwa kwa sababu inawaambia usiku una mwisho. Lakini hekalu lenyewe hununua watoto sokoni na kuwafanya makuhani, askari au makahaba wa hekaluni. Melisandre, yule mama wa nyekundu aliyemtetemesha kila mtu Westeros, aliwahi kuwa mtoto mnadani aliyeitwa kwa namba: fungu la saba.

Pentos, jirani kabisa wa Braavos, ilipigwa vitani mpaka ikasaini kuacha utumwa na kutokuwa na meli za kivita zaidi ya 20. Nenda sasa nyumbani kwa Illyrio, yule tajiri mnene aliyemhifadhi Daenerys. Watumishi wanavaa kola za shaba shingoni. Kisheria siyo watumwa. Basi.

Na Braavos yenyewe? Vitabuni imeshikilia Sheria ya Kwanza. Kwenye tamthilia, msimu wa 7 mwaka 2017, Cersei anamwambia mjumbe wa Benki ya Chuma kwamba anavyojua benki yao imewekeza fedha nyingi kwenye biashara ya watumwa. Jamaa hakasiriki, wala hakatai. Anajibu tu kwamba soko limeshuka. Mazungumzo yanaendelea kama vile hakuna kilichosemwa. Waandishi wa tamthilia walikuwa wanataka mzaha mdogo juu ya Daenerys kuharibu biashara za watu, na kwa sentensi moja wakauuza mji mzima. Au labda, bila kukusudia, walisema ukweli kuhusu benki: kwamba vitukuu vya watu 23 waliokuwa wakificha pete na vikuku mgodini wanaweza kusahau kabisa wametoka wapi, mradi ufunguo bado uko shingoni.

Kuna msafara mwingine wa wakimbizi kwenye bahari hii, na huo kila mtu anaujua. Nymeria, binti mfalme wa Rhoyne, aliwakimbia wapanda majoka na meli 10,000, akafika Dorne, akazichoma meli zote ili asiwepo wa kufikiria kurudi. Alikuwa wa ukoo mkubwa, kwa hiyo jina lilibaki. Arya akiwa mtoto Winterfell alimpenda mno, ndiyo maana mbwa mwitu wake akamwita Nymeria.

Halafu ni Arya huyo huyo anayepelekwa Braavos, mji wa wale wengine, kufundishwa kuwa hakuna mtu. Anaambiwa atupe kila kitu cha yule msichana wa zamani. Anatupa sarafu zake mferejini, anatupa nguo. Kwenye kitabu anakuja kuwa muuza chaza wa mitaani, anasukuma toroli bandarini, anajifunza Kibraavosi kwa kutukanwa na mabaharia. Ila upanga wake mdogo, Sindano, haukwenda majini. Alitafuta jiwe lililolegea kwenye ngazi za Nyumba ya Nyeusi na Nyeupe, akalinyanyua, akauficha chini yake, akalirudisha jiwe mahali pake.